Krimu ya Dawa Tatu kwa Moja: Tathmini ya Dawa za Ngozi Tunazouziwa Mbeya Bila Cheti

Tyubu yenyewe ni ya gramu 15. Katika duka la dawa nililoinunua kwa mara ya kwanza, pembezoni mwa soko la Mwanjelwa, iliuzwa kwa shilingi 3,000, ikatolewa kwenye rafu kabla sijamaliza kueleza tatizo, na swali pekee nililoulizwa ni kama nina chenji. Ndani yake mna dawa tatu: betamethasoni, ambayo ni steroidi kali, yaani dawa inayozima wekundu na muwasho, klotrimazoli, ambayo huua fangasi, na neomisini, ambayo ni antibayotiki. Hapa mtaani wengi huiita "ile ya mchanganyiko", na huiamini kuliko dawa nyingine yoyote ya kupaka kwa sababu muwasho hutulia usiku uleule. Nilimpaka mwanangu krimu hii kwa wiki tano, nikaona ilichomfanya, na baadaye nilinunua dawa na sabuni nyingine kadhaa za ngozi katika maduka matatu ya jiji ili nizilinganishe. Nasema mapema kwamba kati ya zile dawa halali nilizonunua, hii ndiyo ninayoihesabu kuwa hatari zaidi kwa mtu aliyejiandikia tiba mwenyewe. Si bandia, wala haikuwa imepitwa na muda. Hatari yake ni kwamba inatuliza upesi kile ambacho mnunuzi anakiona, huku ikiacha na hata kulea kile asichokiona.

Nieleze ilivyokuwa. Wakati wa likizo ya Juni, binti yangu wa darasa la nne alikwenda kwa bibi yake Rungwe, ambako kila asubuhi kazi yake ilikuwa kumpelekea ndama majani na kumkuna shingoni. Ndama huyo alikuwa na mabaka ya kijivu yenye magamba kuzunguka macho na masikio, na hakuna aliyeyajali, kwa kuwa ndama wengi huwa nayo msimu wa baridi wanapokaa wamebanana zizini. Binti aliporudi Mbeya alikuwa na duara moja shingoni, ukubwa wa sarafu, lenye ukingo ulioinuka na katikati palipokuwa pameanza kupona. Kila mzazi wa huku analijua duara hilo, ni choa. Jirani yangu, mama mwenye watoto wanne na nia njema, aliniambia, "Mwalimu, usihangaike, kachukue ile ya mchanganyiko, siku tatu tu." Nilikwenda, nikapewa, na maelekezo niliyopata yalikuwa ni kumpaka asubuhi na jioni mpaka ipone.

Siku ya tatu muwasho ulikwisha, na siku ya kumi duara lilikuwa limefifia kiasi kwamba niliacha kupaka na kumshukuru jirani. Wiki moja baadaye wekundu ulirudi, safari hii bila ukingo, umetawanyika kutoka shingoni hadi chini ya sikio, na kwa kuwa haukufanana tena na choa niliamini kwamba ni tatizo jipya, pengine mzio wa sweta la sufu analovaa asubuhi za baridi. Nilipaka tena. Ukatulia. Niliacha, ukarudi ukiwa umefika shavuni. Nilinunua tyubu ya pili katika duka lilelile, na kufikia wiki ya tano palikuwa na vipele vidogo kama chunusi kuzunguka mdomo wa mtoto wa miaka kumi, ngozi ya shingo ilikuwa imekuwa nyembamba na yenye kung'aa kama karatasi ya nailoni, na vishipa vyekundu vilionekana ndani yake. Hapo ndipo nilipompeleka hospitali.

Tabibu wa ngozi aliyempokea hakuanza na shingo. Aliuliza kwanza, "Mama, umempaka nini, na kwa muda gani?" Nilipotoa tyubu kwenye mkoba aliisoma, akaniwekea mezani, akakwangua magamba machache kwa kisu kidogo na kuyapeleka chini ya hadubini. Fangasi walikuwa wamejaa. Choa hakikuwa kimeondoka hata siku moja. Kilichoondoka ni dalili zake. Hali hii madaktari wa ngozi wameipa jina tangu mwaka 1968, jina lenye maana ya choa kilichojificha, na aliniambia kwamba anaiona mara kwa mara, hasa mapajani na usoni, kwa watu wazima ambao wamebadilisha tyubu tatu au nne kabla ya kufika kwake.

Alisimamisha krimu siku ileile na kumwandikia vidonge vya grisiofulvini kwa wiki nne, vinywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa kwa sababu ndivyo mwili unavyovipokea vizuri. Alinionya pia juu ya jambo ambalo nalitaja hapa kwa mkazo, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu dukani: baada ya kuacha steroidi iliyotumika kwa muda mrefu, ngozi hulipuka. Kwa siku nane shingo ya mwanangu ilikuwa nyekundu na kuwaka kuliko wakati wowote uliotangulia, alilia usiku, na tyubu ilikuwa bado kabatini ikiwa na dawa nusu. Niliitoa kabatini mara mbili. Mara ya pili niliitupa chooni, nikakaa naye hadi alfajiri nikimkanda kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi.

Sasa niseme kwa nini krimu yenye dawa halisi ya fangasi ndani yake inaweza kulea fangasi. Wekundu, muwasho na ule ukingo ulioinuka havisababishwi na fangasi peke yake. Ni kazi ya kinga ya mwili inayopigana naye. Steroidi huzima mapigano hayo. Betamethasoni ni kali na huanza kazi ndani ya saa chache, ilhali klotrimazoli huhitaji wiki mbili hadi nne za kupaka bila kukosa, na inashauriwa kuendelea hata baada ya ngozi kuonekana safi. Mtu anayeona muwasho umekwisha siku ya tatu ataacha siku ya tano au ya kumi, kama nilivyoacha mimi, na kumwachia fangasi uwanja ambao askari wake wamenyang'anywa silaha. Antibayotiki ya tatu haina kazi yoyote hapo, kwa kuwa choa si bakteria, na neomisini hasa ni miongoni mwa dawa za kupaka zinazojulikana zaidi kwa kusababisha mzio wa ngozi. Kwa hiyo kati ya dawa tatu nilizolipia, moja tu ndiyo iliyomhusu mwanangu, na moja ilikuwa ikimfanyia kazi adui.

Athari za steroidi kali ya kupaka zinajulikana vizuri, na hazihitaji miaka kutokea. Ngozi huwa nyembamba, vishipa hujitokeza, michirizi inayofanana na ile ya ujauzito hutokea kwapani na kwenye mapaja na haifutiki, chunusi huibuka, na ikipakwa karibu na macho kwa muda inaweza kuongeza presha ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Ikipakwa sehemu kubwa ya mwili huingia kwenye damu na kuzifanya tezi zilizo juu ya figo zipunguze kutengeneza homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Watoto wako katika hatari zaidi, kwa sababu eneo la ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito wao. Nchini Marekani, maelezo rasmi ya krimu inayounganisha klotrimazoli na betamethasoni yanasema haipendekezwi kwa aliye chini ya miaka 17. Binti yangu ana miaka kumi, na hakuna aliyeuliza umri wake, nami sikuwa najua kwamba umri ni swali.

Wapo watakaosema kwamba hili ni kosa la mama mmoja. Wangeangalia yaliyotokea India, ambako krimu za aina hii ziliuzwa madukani kwa wingi kwa miaka mingi, na madaktari wa ngozi wakajikuta wanapambana na choa sugu, kinachoenea familia nzima na kisichosikia dawa zilizozoeleka. Mwaka 2018 serikali ya India iliziweka steroidi kadhaa za kupaka katika kundi la dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari. Aina ya fangasi iliyotambuliwa huko, ambayo wengi wake hawafi kwa tabinafini, mojawapo ya dawa za fangasi, imekwishaonekana katika nchi nyingine nyingi. Fangasi hana haja ya pasipoti, na hapa tuna mpaka wa Tunduma upande mmoja na Kasumulu upande mwingine.

Nirudi kwenye bidhaa yenyewe, yaani boksi na karatasi yake, kwa sababu tathmini ya haki inapaswa kusoma kile ambacho mtengenezaji amekisema. Karatasi ya maelezo imo, imekunjwa mara sita, maandishi yake ni madogo kuliko ya msahafu wa mfukoni, na yote ni ya Kiingereza. Imesema kwamba dawa isipakwe usoni kwa muda mrefu, kwamba itumike kwa uangalifu kwa watoto, na kwamba matumizi yasizidi wiki mbili bila ushauri. Mtengenezaji, basi, amejilinda. Lakini mbele ya boksi, mahali ambapo jicho la mnunuzi hufika, pameandikwa jina la biashara kwa herufi kubwa, na majina ya dawa zenyewe yamebanwa chini. Neno la kuonya halipo. Mtu anayetaka kujilinda anaweza kutafuta majina yanayoishia kwa herufi "sone", kwa kuwa steroidi nyingi za kupaka huishia hivyo, na jina "clobetasol", ambalo ni la steroidi kali kuliko karibu zote. Hii ya mwisho haitakiwi kupita gramu 50 kwa wiki wala wiki mbili mfululizo, hata kwa mtu mzima aliyeandikiwa na daktari. Nimeikuta ikiuzwa kwenye meza ya vipodozi, katikati ya wanja na mafuta ya nywele.

Baada ya mwanangu kupata nafuu nilikwenda katika maduka matatu na kueleza habari ileile: mtoto, miaka kumi, duara shingoni, linawasha. Katika duka la kwanza, la Mwanjelwa, nilipewa krimu ileile ya mchanganyiko, na nilipouliza kama haina madhara nilijibiwa kwamba ni ya kupaka tu, haimezwi. Jibu hilo nimelisikia tangu utotoni na ndilo linalotudanganya kuliko yote, kana kwamba ngozi ni ukuta wa saruji. Katika duka la pili, la dawa muhimu, kuelekea Uyole, muuzaji alinionyesha tyubu mbili, ya mchanganyiko na ya klotrimazoli peke yake, akasema ya kwanza ni "kali zaidi" na ya pili ni "ya kawaida", akaniachia nichague. Hakuwa na ubaya, lakini kumpa mzazi chaguo kati ya kali na ya kawaida ni kumchagulia kali. Inanisikitisha kwa sababu mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia kwetu huku kusini, mkoani Ruvuma, mwaka 2003, ukiwa na lengo hasa la kumweka nyuma ya kaunta mtu aliyefunzwa badala ya muuza duka wa kawaida. Mafunzo yapo. Yanayokosekana ni dakika mbili za kuuliza.

Duka la tatu ni famasi iliyopo Uhindini. Binti aliyekuwa zamu, mfamasia kijana, aliniamkia, kisha akaniuliza maswali ambayo niliyaandika nilipotoka nje: limeanza lini, liko wapi hasa, kichwani nako pana mabaka au nywele zinakatika, nyumbani kuna mwingine anayewashwa, umeshampaka nini, je, baka hilo analihisi akiguswa, na mwisho, "Shikamoo tena mama, samahani kwa maswali mengi, mnafuga?" Swali la nywele lilikuwa na maana, kwa sababu mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu yoyote, dawa ya kupaka haifiki kwenye shina la nywele na mtoto huhitaji vidonge. Swali la hisia lilikuwa na maana pia, kwa sababu baka lisilohisi mguso linaweza kuwa ukoma, ambao bado upo, hutibika kabisa na dawa zake hutolewa bure, lakini kila mwezi unaopotea kwenye krimu ni mwezi wa mishipa ya fahamu kuharibika. Nilipoomba ile ya mchanganyiko alikataa kwa adabu kuniuzia bila cheti. Aliniuzia klotrimazoli ya asilimia 1, tyubu ya gramu 20 kwa shilingi 2,000, akanielekeza kupaka mara mbili kwa siku, kuvuka ukingo wa duara kwa upana wa vidole viwili, na kuendelea wiki mbili baada ya kuona pamepona. Kwa huduma nampa alama zote ninazoweza kutoa.

Klotrimazoli peke yake, basi, ndiyo bidhaa ninayoipendekeza kwa choa cha mwilini kilichogunduliwa mapema. Haileti raha ya usiku wa kwanza. Muwasho hupungua polepole kwa siku tano hadi saba, na lazima mtu ajue hivyo tangu mwanzo la sivyo ataikatia tamaa. Ya bei nafuu zaidi ni mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, dawa ya zamani ambayo iliwahi kuwamo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Niliyapata kwa shilingi 1,500. Hufaa kwa miguu na kiwiliwili, huchoma yakipakwa usoni au penye mchubuko, na hayafai kwa mtoto mchanga, kwa sababu asidi ya salisiliki ikipakwa sehemu kubwa ya mwili mdogo huingia kwenye damu na inaweza kumlevya.

Niligusa pia dawa za chunusi, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha tatu ambao huzinunua kwa fedha za nauli. Jeli ya benzoili peroksaidi niliyoipata ilikuwa ya asilimia 10, na muuzaji aliisifu kwa ukali wake, ingawa inajulikana kwamba ile ya asilimia 2.5 hupunguza chunusi karibu sawa na hiyo bila kubabua ngozi kwa kiwango hicho. Hubabua pia nguo, na foronya ya buluu iliyoigusa ina doa jeupe hadi leo. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba bidhaa za chunusi zenye benzoili peroksaidi au asidi ya salisiliki zinaweza, kwa nadra, kuleta mzio mkali wa kuvimba uso na kubanwa pumzi. Ushauri wake ni mwepisi na haugharimu kitu: paka kidogo sehemu moja au mbili kwa siku tatu kwanza. Kwetu kuna jambo la kuongeza. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000 unapopanda. Baridi ya Julai humfanya mtu asahau jua, lakini jua liko palepale, na ngozi iliyochubuliwa na jeli huungua huku mwenyewe akiwa amevaa koti.

Sabuni zenye dawa sitazichelewesha. Nilinunua mbili. Zinasafisha, kama sabuni ya kawaida inavyosafisha, na zinakausha ngozi zaidi, jambo ambalo katika kipupwe cha Nyanda za Juu huishia na miguu iliyopasuka na muwasho unaompeleka mtu kutafuta krimu. Mwaka 2016 Marekani iliondoa sokoni sabuni za kunawia zenye triklosani na viambato vingine 18, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zina faida kuliko sabuni na maji. Kwa mtoto mwenye ngozi kavu, shilingi zilizobaki ni bora zinunue mafuta ya mgando.

Mkorogo unahitaji nafasi yake, kwa sababu ndiko tyubu nyingi za steroidi zinakokwenda. Katika meza za vipodozi niliona kwa macho yangu muuzaji akikamua tyubu mbili za krimu ya dawa ndani ya kopo la losheni, akaongeza kimiminika kutoka chupa isiyo na lebo, akatikisa na kumkabidhi msichana ambaye sidhani kama alikuwa amefika miaka ishirini. Steroidi hung'arisha ngozi kwa muda, na ndiyo maana huwekwa. Haidrokwinoni, mwenzake wa kawaida, huzuia ngozi kutengeneza rangi yake na ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuleta mabaka ya weusi wa buluu mashavuni ambayo ni magumu sana kuyaondoa, yaani kinyume kabisa cha kile alicholipia mtu. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na watoto wa nyumba hiyo huipata kwa taulo na mikono ya mama. Vyote vitatu vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini kwetu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, umelenga kuiondoa zebaki katika vipodozi duniani. Ukikuta kipodozi kinachokuelekeza uvue pete na mikufu ya dhahabu au fedha kabla ya kupaka, kirudishe, kwa sababu onyo hilo huwekwa kwenye vitu vyenye zebaki. Sikuununua mkorogo kwa ajili ya tathmini hii. Sioni namna ya kuupa alama.

Kwa anayetumia dawa ya kupaka aliyoandikiwa kihalali, ikiwemo steroidi, nilijifunza kwa tabibu kipimo ambacho hakuna duka lililonitajia. Mstari wa krimu unaoanzia kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza ni takribani nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kwa hesabu hiyo tyubu ya gramu 15 ina mistari 30 tu. Duara la mwanangu lilihitaji sehemu ndogo sana ya mstari mmoja, nami nilimaliza tyubu nzima na nusu ya pili. Steroidi si sumu. Mtoto wa mwalimu mwenzangu mwenye pumu ya ngozi hulala usingizi kwa sababu ya haidrokotisoni ya asilimia 1, iliyo hafifu, aliyopewa kwa siku zilizohesabiwa, na sipendi mtu yeyote asome maneno haya akamnyang'anya mtoto wake dawa aliyoandikiwa na daktari.

Malalamiko yana mahali pa kwenda, ingawa wengi hatupafahamu. Dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mbeya, na vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019. Kwa hiyo tyubu ileile ikiwa kwenye rafu ya famasi ni suala la mamlaka moja, na ikikamuliwa ndani ya kopo la losheni inakuwa pia suala la chombo kingine. Mtu aliyedhurika na dawa anaweza kuomba kituo cha afya kijaze taarifa ya madhara yake. Tabibu wetu alijaza, na nilifarijika kuona kwamba yaliyompata binti yangu yameandikwa mahali fulani na hayakuishia chumbani mwetu.

Kwa krimu ya dawa tatu kwa moja natoa alama moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa sababu mikononi mwa daktari ina siku zake. Klotrimazoli peke yake, nne. Whitfield, tatu na nusu. Jeli ya chunusi ya asilimia 10, mbili. Sabuni, mbili.

Shingo ya binti yangu imepona, isipokuwa sehemu moja chini ya sikio ambapo ngozi imebaki laini kupita kiasi na rangi yake imepungua. Tabibu anasema rangi itarudi, ulaini huenda ukachukua muda zaidi. Jioni ile ya kutoka Uhindini nilimpigia simu mama Rungwe nikamuuliza habari za ndama. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza aliposikia nilichokuwa nauliza. Siku iliyofuata bwana mifugo alifika, ndama akatengwa, mabaka yakasuguliwa na kupakwa madini ya joto, na mbao za zizi zikakwanguliwa na kuoshwa, kwa sababu vijimbegu vya fangasi huweza kukaa kwenye mbao kwa miezi mingi vikisubiri. Wajukuu wengine wawili wa pale nyumbani walikutwa na maduara mikononi. Wote wawili walikuwa wanapakwa ile ya mchanganyiko.